Majivu kwa majivu, mbona vifaranga weusi?

SWALI: Shikamoo Bibi. Nilinunua jogoo na mitetea wawili wa rangi ya majivu, wale wa asili ya Andalusia, kwa bei ya kuniliza. Nikawafungia banda la peke yao. Mmoja ametotoa tisa: wanne majivu, watatu weusi tii, wawili weupe wenye madoa. Mume wangu anasema nimeuziwa chotara, na muuzaji nimeshampigia simu nikamtolea maneno. Nimeibiwa?
Msomaji, Masasi

JIBU: Marahaba mwanangu. Mpigie tena huyo muuzaji, safari hii umtake radhi. Hukuibiwa. Vifaranga wa namna hiyo ndivyo wanavyotoka kwa wazazi wa majivu halisi.

Rangi hii haijizai yenyewe. Kila kuku ana jeni, yaani chembe za urithi, mbili za jambo hili, moja ya baba na moja ya mama. Akipata moja ya kufifisha weusi, anakuwa wa majivu. Akipata mbili, weusi unafifia mpaka anabaki mweupe mwenye madoa ya bluu huku na huku. Asipopata hata moja, ni mweusi tu. Majivu wako wote wana mojamoja, kwa hiyo wakikutana, nusu ya vifaranga huwa majivu, robo weusi na robo wa madoa. Hiyo ni hesabu ya vifaranga wengi. Kwa tisa usiidai itimie. Mtetea mwingine atakutolea weusi sita na usiwe na la kumlaumu. Wanasayansi Bateson na Punnett wa Uingereza waliieleza habari hii kwa kuku hao hao wa Andalusia mwanzoni mwa karne ya 20, kwa hiyo mume wako amechelewa kidogo.

Sasa hao wawili wa madoa usiwachinje. Huku kwetu wengi huwaona wameharibika, wakaishia kwenye pilau la Idi, nami roho huniuma. Jogoo wa madoa ukimpa mitetea weusi, vifaranga wote watakuwa majivu, hakosi hata mmoja. Ila asipande dada zake. Tafuta weusi wa ukoo mwingine.

Na hapo kwenye weusi ndipo penye kazi. Mtetea mweusi wa kienyeji usimnunue kwa kumtazama mgongo. Mshike, mlaze kwapani, ufunue manyoya ya shingo kwa kidole, tabaka baada ya tabaka hadi uone ngozi. Ukikuta unyoya wenye ukingo mwekundu au wa dhahabu, mrudishie mwenyewe, maana weusi wake si kamili na watoto wanaweza kukutokea na shingo za shaba. Halafu mfungie wiki tatu kabla hujaanza kukusanya mayai ya kuatamisha. Mtetea huhifadhi mbegu za jogoo mwilini wiki mbili, hata tatu, na kuku wetu wanashinda chini ya mikorosho ambako jogoo wa jirani hana mpaka. Wachanje kideri pia, wote. Rangi nzuri haimzuii kuku kufa.

SWALI: Bibi, nina mtetea wa Plymouth Rock, yule wa mistari myeusi na myeupe, na jogoo mweusi. Madume yote yanatoka na mistari, matembe hata mmoja hapati. Jirani anasema mtetea wangu hana damu. Ni kweli?
Msomaji, Lindi mjini

JIBU: Damu anayo, tena ya kutosha. Jeni ya mistari inakaa kwenye kromosomu ya jinsia, yaani uzi unaobeba jeni, inayoitwa Z. Jogoo ana Z mbili. Mtetea ana Z moja na W moja. Mtoto wa kiume huchukua Z ya mama pamoja na mistari yake, lakini binti hupewa W, ambayo haina mistari, na Z yake anaipata kwa baba. Baba ni mweusi, basi na binti mweusi.

Wafugaji wengine wanautafuta mchanganyiko huu makusudi. Siku ya kwanza tu, vifaranga wakishakauka, waangalie utosini: mwenye doa jeupe ni dume, mwenye kichwa cheusi kitupu ni jike. Unajua mapema nani wa kutaga na nani wa kuuza. Ukigeuza, jogoo awe wa mistari na mtetea mweusi, ujanja huo haupo tena.

Ukitaka matembe wa mistari, badilisha jogoo. Hao madume uliototoa wana jeni moja tu ya mistari, kwa hiyo watawapa nusu ya mabinti. Jogoo mwenye mbili hawanyimi. Utamtambua sokoni bila kuuliza: mistari yake myeupe ni mipana, na akisimama na mtetea wa mistari yeye huonekana mweupe zaidi. Bei yake nayo jiandae.