Boya halitoi umeme, bahari ndio inatoa

Juzi kijana mmoja wa Malindi kaniandikia: "Ami, nataka nizamishe madramu niyajaze hewa kwa kompresa, yakipanda yazungushe mnyororo, umeme wa bure." Nimefurahi na roho imeniuma hapo hapo, maana ndoto hiyo naijua, na wewe unayesoma hapa unayo vilevile.

Haya tupige hesabu. Dramu la lita 200 likiwa ndani ya maji husukumwa juu kwa nguvu ya kama kilo 200, toa uzito wake lenyewe. Likipanda mita 10 umepata nishati ya kama jouli 20,000, yaani theluthi hivi ya betri ya simu. Sasa kulijaza! Kule mita 10 mkandamizo ni mara mbili ya huku juu, kwa hiyo lita 200 za kule ni lita 400 za hewa ya huku, na kuishindilia hiyo hewa, hata upate kompresa isiyopoteza chochote, ni jouli kama 28,000. Umetoa 28 umerudishiwa 20. Ukienda chini zaidi hasara inazidi.

Mimi hapa Lamu, na nasema kwa fahari, dramu nimeliacha juu wimbi lilinyanyue, upande wa Shela ambako mawimbi ya bahari kuu yanaingia. Kusi ikivuma taa za LED zinawaka gatini na wavuvi wanachaji simu, kaskazi ikitulia taa zinafifia, ndio bahari hiyo. Japani, mvumbuzi Yoshio Masuda alishawasha taa za maboya ya kuongozea meli kwa mawimbi zamani sana, na Australia karibu na Perth wamewahi kuweka maboya yaliyozama kabisa, lakini kinachoyasukuma ni wimbi, si hewa ya kununua.

Kuna ofisi moja niliipelekea michoro yangu, mkubwa mwenyewe faili hakulifungua, akaniambia nirudi nikiwa na digrii. Hadi leo inaniuma. Ndio maana nawaambia vijana shikeni hesabu, hesabu haikuulizi cheti, piga hesabu kabla hujanunua hata msumari, na ukishapiga, piga tena, usimngoje mkubwa akukubali.

Na anayetaka kujaribu aanze hivi: kamba itoke kwenye dramu, ishuke ipite kwenye kapi lililofungwa kwenye nanga, irudi juu gatini izunguke friwili ya baiskeli iliyofungwa kwenye dainamo, mwisho wake uning'inize gunia la mchanga. Dramu likipanda kamba inavutwa, friwili inashika na dainamo inazunguka, likishuka gunia linavuta kamba iliyolegea na friwili inateleza tu bila kurudisha dainamo nyuma. Friwili ipake grisi kila bamvua, chumvi ikiingia kwenye vile vijino vya ndani haishiki tena, na wakati wa kuifungua ni maji yakikupwa.