Ndugu Watatu, Miji Sita, Mfuko Mmoja

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Sisi ni ndugu watatu wa Kibokoni: kaka yetu mkubwa, mimi wa katikati, na mdogo wetu wa kike ambaye ndiye kitindamimba. Mwezi wa Julai tunakusudia kuzuru Ureno na Uhispania kwa siku kumi na mbili, na kaka ameshapanga miji sita, yaani Lisbon, Porto, Seville, Córdoba, Granada na Barcelona. Kwa kuwa yeye ndiye anayegharamia tiketi na malazi, hatuthubutu kumpinga, lakini mdogo wetu ameanza kununa kabla hata hatujaondoka. Nifanyeje ili safari isitugombanishe?
Wa Katikati, Kibokoni

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na miji, kwa maana ugomvi wenu umo humo, wala haumo katika pesa kama unavyodhani. Siku kumi na mbili kwa miji sita ni siku mbili kila mji, na katika hizo mbili moja huliwa na kufunga mabegi, kungojea basi na kutafuta nyumba ya wageni katika vichochoro msivyovijua. Kutoka Lisbon hadi Seville, kwa mfano, hakuna garimoshi la moja kwa moja. Wengi hupanda basi na kukaa humo saa sita au saba. Mwambieni kaka aiache Porto, ambayo iko kaskazini, na Barcelona, ambayo iko pembe nyingine kabisa ya Uhispania. Laleni Lisbon siku nne, Seville tatu, Córdoba moja, ambako garimoshi la kasi hufika kwa muda wa kama dakika arobaini na tano kutoka Seville, kisha mmalizie Granada.

Na mwezi wenyewe mnaweza kuusogeza? Mwezi wa Julai, Seville na Córdoba hupita nyuzi 40 mara kwa mara, na ni joto kavu lisilo na upepo wa bahari. Msijitape kwamba nyinyi ni watu wa Pwani. Julai ndio wakati wetu wa baridi. Aprili au Oktoba ingewafaa zaidi. Ikiwa hamna budi kwenda Julai, tembeeni asubuhi, mrudi chumbani mchana kama wenyeji wafanyavyo, mtoke tena jioni, kwani huko chakula cha usiku huliwa saa tatu na kuendelea.

Nilikwenda Lisbon na wadogo zangu wawili, na nilichojifunza nilijifunza Belém, mtaa wa Lisbon, katika monasteri ya Jerónimos lilimo kaburi la Vasco da Gama. Mtoto wa Mombasa hawezi kulipita kaburi lile hivi hivi, kwa kuwa mtu huyo alitia nanga kwetu mwaka 1498, na waliomfuata wakaanza kuijenga Fort Jesus mwaka 1593 kwa ramani ya Mwitaliano, Giovanni Battista Cairati. Mmoja wa wadogo zangu alisimama pale karibu saa nzima, akisoma kila kilichoandikwa. Wa pili alilitazama kwa dakika mbili, akauliza, “Ndiye huyu?” kisha akatoka kwenda kununua vile vijikeki vya maziwa na mayai viitwavyo pastéis de nata. Nilitaka kumrudisha kwa ukali, nikajizuia, nashukuru. Tulikutana nje, kila mmoja na furaha yake, na huyo mpenda vijikeki ndiye aliyeona dukani neno lenço juu ya vitambaa, akacheka peke yake kwa kutambua leso ilikotoka. Wekeni basi nusu siku ya kuachana katika kila mji, mkubaliane mahali na saa ya kukutana. Katika Granada, mpeni mdogo wenu siku moja nzima iwe yake, asiulizwe ataitumiaje.

Jambo lisilo na nafasi ya kuachana ni Alhambra, ile ngome ya kale ya Granada yenye majumba na bustani. Tiketi zake hununuliwa mapema kwa jina la kila mtu, pasipoti huonyeshwa, na majumba ya wafalme Waislamu wa ukoo wa Nasri huingiwa kwa saa iliyoandikwa kwenye tiketi. Sisi tulichelewa kwa sababu mmoja wetu alikuwa akitafuta soksi. Tuliona bustani na ngome, majumba tukayatazama kwa nje, na hadi leo neno soksi halitajwi katika baraza yetu.

Córdoba nako mjiandae kwa moyo. Msikiti ule mkuu, ulioanza kujengwa mwaka 785, umekuwa kanisa tangu 1236, na walinzi hawaruhusu Waislamu kuswali ndani, hata iwe rakaa mbili za haraka. Kama kuna miongoni mwenu atakayeona uchungu, heri aujue ukweli huo nyumbani kuliko kubishana na mlinzi mbele ya nduguze. Granada kuna msikiti mpya uliofunguliwa 2003 katika mtaa wa Albaicín, unaotazamana na Alhambra, na hapo mtaswali kwa raha. Chakula kinataka uangalifu vilevile: supu baridi ya nyanya ya Córdoba, salmorejo, huletwa imenyunyiziwa vipande vya nyama ya nguruwe, kwa hiyo semeni sin jamón, yaani bila nyama hiyo, kabla haijapakuliwa.

Ama pesa, kaka atamke mapema kwamba tiketi na malazi ni zawadi, na akishatoa ametoa, isije ikawa fimbo ya kuwachapia kila mkibishana kuhusu njia. Chakula, mabasi na viingilio vitoke katika mfuko wa pamoja mliochanga sawa, na mfuko huo ashike kitindamimba. Mwenye kushika mfuko hanuni, kwa sababu kila mtu humwuliza yeye kwanza.

SWALI: Mwalimu, je, ndugu wanaosafiri pamoja huomba viza ya Schengen, ile moja ya kuingilia nchi nyingi za Ulaya, kwa fomu moja?
Msomaji, Likoni

JIBU: La. Kila mtu ana fomu yake, alama zake za vidole na bima yake ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Ada ya mtu mzima ni euro 90. Maombi hupelekwa kwa nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi, si lazima ile mtakayotua kwanza. Hao ndugu wa Kibokoni wakifuata ratiba yangu watalala Uhispania zaidi kuliko Ureno, basi maombi yao ni ya Uhispania ijapokuwa wataanzia Lisbon. Ombeni mapema, kuanzia miezi sita kabla ya safari, wala msisubiri zile siku kumi na tano za mwisho.