Kabla hujauliza inakimbia ngapi

Wadogo zangu, swali ni lile lile: pikipiki ya cc ngapi, yaani injini ya ukubwa gani, inafaa safari ndefu? Kabla hamjajibiwa, mtu keshalipia dude ambalo akilipanda vidole vya miguu vinatafuta ardhi. Nimechoka kuwainulia pikipiki zilizolala kwenye vituo vya mafuta. Basi tukae tuongee.

1. Anza na mzigo. Kila pikipiki ina kikomo cha uzito wote. Toa uzito wake ikiwa na mafuta, kinachobaki ndicho chako. BMW R 1250 GS ina kilo 249, kikomo 465, zinabaki 216. Nyingi, eh? Weka wewe, abiria, makoti, helmeti, masanduku matatu, hema na maji, ndipo uniambie.

Hesabu hiyo mimi niliijua, nikaipuuza. Safari ya kwanza na mke wangu nilifunga boksi nyuma kabisa, nikasokomeza humo kila kizito kwa kuwa ndimo kilimoingia upesi. Springi ya nyuma sikuigusa, ilikuwa imewekwa kwa mtu mmoja. Giza lilipoingia, kila gari lililotujia lilituwashia taa. Nikasema watu wa barabara hii wana adabu, nikawa napunga mkono. Kumbe mkia umekaa chini, pua imeinuka, taa yangu inawachoma macho.

Kesho yake, kwenye mteremko, nikaachia mafuta na usukani ukaanza kucheza. Kidogo kwanza, halafu ukawa kama ungo unaopepetwa. Nikaung'ang'ania kwa nguvu zote, na kumbe kuung'ang'ania ndiko kunakouchochea. Mwendo uliposhuka ukatulia wenyewe. Tukasimama kando, mama watoto akafungua boksi bila neno, akatoa nyundo. “Hii ya nini?” Sikuwa na jibu. Vizito vikahamia chini, kwenye mabegi ya pembeni, karibu na siti. Springi nikaikaza kwa ule ufunguo uliokuwa chini ya siti siku zote hizo. Pikipiki ikawa nyingine.

2. Siti ijaribuni saa nzima, si dakika mbili dukani. Yamaha Ténéré 700 ina siti ya milimita 875. Kama mguu haufiki, chukua fupi, hakuna atakayekucheka isipokuwa mjinga.

3. Tangi: lita 20 kwa kilomita 20 kila lita ni 400 za karatasini. Upepo wa mbele na mzigo vina kiu. Hesabu 300.

4. Cheni unaisafisha na kuipaka mafuta mwenyewe njiani. Shafti, yaani mhimili wa chuma unaozungusha gurudumu la nyuma badala ya cheni, haikusumbui hivyo, ila ni nzito, na ikigoma porini utaitazama tu. Rimu za spoki mara nyingi zina tyubu, hiyo Ténéré ikiwemo, kwa hiyo jifunze kuziba pancha nyumbani. Mmoja wenu, sitamtaja, alibeba viraka na gundi bila kifaa cha kung'olea tairi. Tulikaa mvuani tukitazamana.

5. Nguvu za farasi, ah, achaneni nazo. Huyo abiria wako mpeleke dukani siku ya majaribio, apande nyuma, mzunguke naye. Muuzaji akikataa, nenda duka jingine.