TV ya marehemu

Mbukwenyi, mhariri. Wiki hii mmetuuliza: kitu kikizeeka sana au kikipitwa na wakati, wewe unakiitaje? Mimi ni fundi wa redio na TV hapa Chang'ombe, Dodoma. Vitu vizee ndivyo vinavyonilisha, nikaona nisikae kimya.

Juzi mama mmoja aliletwa na bodaboda mpaka kibandani kwangu, kapakata TV ya chogo aliyoifunga kwa kanga. Kijana ninayemfundisha kazi akaitazama, akacheka. "Mama, hii si ya mwaka 47 hii?" Mama hakucheka. "Mwaka 47 ulikuwepo wewe? Hii ni ya marehemu mume wangu."

Kwa hesabu, kijana alikosea vibaya. Zanzibar walianza kuona televisheni miaka ya sabini, sisi wa Bara tukangoja hadi 1994. Lakini anayesema "mwaka 47" huwa hajashika kalenda, anatafuta pa kuchoma tu. Wengine husema enzi za Nuhu, wengine enzi za Mjerumani. Hiyo ya Mjerumani mkija Dodoma itumieni kwa adabu, maana hapa kuna vitu ni vyake kweli. Reli ya kati aliifikisha mjini kwetu mwaka 1910, na miaka yote hiyo tuliita treni, basi. Mwaka 2024 ilipoanza kuja ya umeme, ndipo nikaanza kusikia watu wakiulizana, "Unapanda ya umeme au ya zamani?" Ile ya zamani haikuzeeka siku hiyo. Imepata jirani tu.

Angalieni na kale kasilabi "ki". Ukiniambia nina redio ya zamani, nitakukaribisha kiti nikueleze nilivyoipata. Ukisema ni ya kizamani, umenitukana mimi na redio yangu.

Kale lina heshima zaidi. Kule Kolo, Kondoa, kuna michoro ya miambani ambayo tangu 2006 imo kwenye urithi wa dunia. Hiyo ni michoro ya kale. Mtu akisema michoro chakavu, watu watadhani kaja kuinunua kwa kilo. Chakavu, kwa uzoefu wangu, ni neno la mwenye mzani: mnunuzi wa vyuma akishalitamka, ujue bei ameshaishusha.

Fani yangu nayo imechangia tusi. Mitambo ya zamani ya kurushia matangazo, ile ya analojia, ilipozimwa hapa Dodoma mwaka 2013, TV bila king'amuzi ikawa sanduku la kuwekea vitambaa. Toka hapo asiyejua kutuma pesa kwa simu anaitwa "analojia". Nimeitwa hivyo na mjukuu wangu, kisa natumia kiswaswadu, simu ya vitufe. Zilipendwa angalau linabembeleza, kwa kuwa ndani yake mna kupenda, ingawa siku hizi wanawaita hivyo hata wachumba walioachana nao.

(Na sisi wa Dodoma tusicheke sana wengine. Mji wa Serikali, majengo mapya kabisa, uko mahali panapoitwa Mtumba.)

Neno langu mimi ni kuukuu. Halifichi kwamba kitu kimetumika, kimechubuka, pengine kimefungwa waya pembeni, lakini halisemi kitupwe. Wahenga walisema ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa, na nikiwa na bisibisi mkononi naona walichokiona. TV bapa naletewa kioo kimepasuka, mtoto kairushia rimoti, na bei ya kioo inakaribia bei ya TV yenyewe. Chogo nikilifungua, ndani nakuta vumbi, mende wawili na kitu ambacho mkono wangu unaweza kukishika na kukirekebisha.

La yule mama lilikuwa na picha nzuri, sauti ndiyo haitoki. Nikamwambia aje saa kumi. Kijana akachukua daftari, akaniuliza aandike nini, maana TV za wateja zilikuwa tatu na zote chogo. Nikamwambia aandike kama mwenyewe alivyosema: TV ya marehemu. Waya wa spika ndio uliokuwa umekatika.