Maswali ya Wasomaji: Kundi la Mtaa na Simu Zilizozimwa Mlio

SWALI: Tuko nyumba kama 70 huku Kiamunyi, Nakuru. Kundi letu la kwanza la WhatsApp lilikufa kwa siasa na matangazo ya kuku. La pili lipo, lakini bomba lilipopasuka usiku, ujumbe ulisomwa asubuhi maji yakiwa yamefika barabarani. Tuanze vipi mara ya tatu?

JIBU: Hilo la pili ndilo la hatari, maana kila mtu anadhani lipo kumbe limezimwa mlio. Simu ikilia mara arobaini kwa siku kwa salamu na picha za maua, mwenyewe huinyamazisha, na hata mwizi akija itabaki kimya.

Fungueni makundi mawili siku moja. La dharura ni la wizi, moto, mgonjwa, mtoto aliyepotea, stima na maji, basi. La mazungumzo libebe mengine yote: kuku, nyumba za kupanga, pole na hongera. Anayeingia aambiwe palepale kwamba la mazungumzo ana ruhusa kulinyamazisha moja kwa moja, lakini la dharura aliwekee mlio wake wa pekee.

Sasa kosa ambalo karibu kila mtaa hulifanya: kulifunga kundi la dharura ili wasimamizi pekee watume. Saa nane usiku msimamizi amelala. Aliye macho ni yule aliyesikia geti likitikiswa. Liacheni wazi. Msimamizi ana uwezo wa kufuta ujumbe wa mtu yeyote ukatoweka kwa wote, basi tangazo la kuku likiingia alifute na kumwelekeza mwenyewe kule kwingine, bila mahubiri.

Kelele nyingine ni ya "kwani ni wapi?", nayo huletwa na ujumbe wa kwanza usiotaja mahali. Barabara nyingi za mtaani hazina majina, kwa hiyo kabla hata ya kufungua kundi, zipeni nyumba alama: A1, A2 kwa barabara ya kwanza, B1, B2 kwa ya pili. Kisha ujumbe huwa hivi: "Moto jikoni B7, baada ya tangi jeusi, saa 8:10 usiku. Gesi imefungwa. Leteni mchanga na ndoo." Nini, wapi, saa ngapi, nini kinatakiwa. Anayekuja aandike "nakuja", wengine wanyamaze.

Kuandikisha watu, piteni nyumba kwa nyumba na daftari. Watu wazima wawili kwa kila nyumba watafika 140, na kundi moja hubeba hadi 1,024. Washeni mpangilio wa kuidhinisha wanaoingia, wala msibandike kiungo cha mwaliko dukani. Kikivuja, kiwekeni upya na kile cha zamani kitakufa. Aliyezuia wageni kumwongeza kwenye makundi hupelekewa mwaliko binafsi, nao huisha baada ya siku tatu, kwa hiyo mkumbusheni. Wasimamizi wawe watatu, wasitoke nyumba moja. Akibaki mmoja naye akatoka, WhatsApp humteua mwingine kibahati tu, pengine mpangaji aliyehamia jana.

Nambari muhimu ziandikeni kwenye maelezo ya kundi, maana ujumbe wa kawaida huzama: 999 au 112 kwa polisi, *977# kwa hitilafu ya stima, nambari ya soja na ya balozi wa Nyumba Kumi.

Pesa za soja zisikusanywe kwenye kundi la dharura. Ile orodha ya kunakili na kuongeza jina lako huvurugika wawili wakiinakili kwa wakati mmoja: wa pili akituma, jina la wa kwanza halimo, na ugomvi umeanza. Mweka hazina aitume mwenyewe, mara moja kwa wiki, kwenye kundi la mazungumzo.

SWALI: Hapa Migosi, Kisumu, mtu aliweka picha ya kijana akidai ni mwizi. Tulipoifuta ilikuwa imeshafika mitaa mingine. Tufanyeje?

JIBU: Kufuta huondoa picha kwenye kundi tu, iliyokwisha kuhifadhiwa au kusambazwa hairudi. Tena kijana anaweza kuuawa na umati kwa kufanana tu na mtu. Kanuni iwe moja: sura za watu haziwekwi kundini. Andikeni saa, mavazi, rangi ya pikipiki na upande ilikoelekea. Picha ipelekwe kituo cha polisi na mchukue nambari ya OB, yaani ya daftari la matukio la polisi.

SWALI: Wazee wengi kwetu Lurambi, Kakamega, wana kabambe, zile simu za vitufe. Wao je?

JIBU: Kila mwenye simu janja apewe majirani wawili wa kuwapigia. Usiku pigeni, msitume SMS, kwa sababu mlio wake mfupi haumwamshi mzee. SMS iwe ya mambo ya mchana, mkutano au maji kukatwa, na isizidi herufi 160. Msitie vikatuni (emoji): kimoja tu hushusha kikomo hadi 70, na ujumbe uleule hukatwa vipande viwili au vitatu, kila kimoja kikilipiwa.