Mwenye nyumba anataka kuziba matundu ya ghorofa letu

SWALI: Shikamoo fundi. Tumepanga kwenye ghorofa moja la zamani hapa Kigoma mjini, juu kidogo ya stesheni, dari ziko juu sana alafu kuna kibaraza kirefu cha tofali za matundu kinaangalia ziwa. Mwenye nyumba mpya anataka azibe matundu aweke vioo vya alumini, na kuta za chini zinazobanduka apige plasta ya sementi. Ni sawa kweli?
Mpangaji, Kigoma

JIBU: Marahaba mwanangu. Si sawa, muwahini kabla hajanunua vifaa.

Ziwa kwenu liko magharibi, kwaiyo kuanzia saa tisa hivi jua linashuka upande wa Kongo linapiga hicho kibaraza usoni, paa hata litokeze vipi halisaidii maana jua lishakuwa chini, ndo maana aliyejenga akaweka tofali za matundu, zinakata jua alafu upepo wa ziwa wa mchana unapita mpaka vyumbani na kutokea nyuma. Akiweka kioo jua linaingia, joto halitoki, mtajikuta mnanunua feni kila chumba. Dari mwambieni asiziguse kabisa.

Ila kinachoniuma zaidi ni hizo kuta. Mkwaruze plasta kwa msumari, ikitoka unga mweupe laini hiyo ni chokaa, kama kwenye majengo ya mawe ya Wajerumani walioleta reli hapo Kigoma 1914. Kuta za namna hiyo chini hazina nailoni ya kuzuia maji, unyevu unapanda kutoka ardhini na chokaa inauacha utoke taratibu. Ukiifunika kwa sementi unyevu unakosa pa kutokea, unazidi kupanda, unaibukia ndani nyuma ya makabati, alafu baada ya masika kadhaa plasta inadondoka mapande mapande na chokaa ya zamani inaondoka nayo, jamani hiyo ni hasara ya pesa na ya jengo!

Waanze na maji. Hapo ni mlimani, mvua inashusha udongo unajikusanya nyuma ya nyumba, uchimbwe utolewe, mtaro upite mbali na ukuta, mabomba ya paa yaangaliwe. Ukuta ukishakauka plasta irudiwe kwa chokaa, kipimo kimoja kwa mchanga vitatu, juu yake chokaa tena, rangi ya mafuta hapana.

Kama anachoogopa ni mbu, afunge nyavu kwa ndani kwenye fremu za mbao zinazofunguka, ili vumbi la kiangazi lifutike.