Tuuze kiwanja kwa ajili ya chanjo ya saratani ya ubongo?

Dada, pole na kuuguza. Umeuliza kama muuze kiwanja ili kaka yako mwenye glioblastoma, saratani kali ya ubongo, apelekwe Marekani kuchanjwa chanjo inayotengenezwa kutokana na uvimbe wake mwenyewe. Msiuze kwanza. Chanjo hizo bado ni za majaribio. Chuo Kikuu cha Florida kilipochapisha matokeo yake mwaka 2024, wagonjwa waliochomwa walikuwa 4 tu. Kinga zao ziliamka ndani ya saa 48. Inatia moyo kweli, lakini watu 4 hawawezi kuonyesha kama inaponya.

Watafiti wa Boston, nao wa Marekani, walichanja wagonjwa 8 kwa chanjo ya aina hiyo, matokeo yakatoka 2019. Waliokuwa wakimeza deksamethasoni, ile dawa ya kupunguza kuvimba kwa ubongo, kinga zao hazikuitika. Tafadhali asiiache kwa sababu hiyo. Kuikatisha ghafla ni hatari.

Kwa kuwa hajapasuliwa, muulizeni daktari leo, si baada ya upasuaji, kama kipande cha uvimbe kinaweza kugandishwa. Majaribio mengi hukihitaji. Na tapeli yeyote anayewauzia "nafasi" ya kuingia kwenye jaribio, msimpe hata shilingi.